Kuishi Neno Siku za Kazi: Pa Kuanzia na Pa Kujihadhari

Swali ni lilelile, ila wasomaji wanalileta kwa sura nyingi. Mama mmoja anauliza imekuwaje aamke kusali alfajiri, na kabla ya saa nne awe amekwisha kumtukana dada wa kazi. Kijana wa duka anauliza kama inawezekana kuuza bila kudanganya na bado akalipa kodi ya fremu. Mzee wa kanisa hajui afanye nini na ndugu aliyemdhulumu shamba. Wote hawa wanajua Biblia inataka nini. Yale matunda tisa ya Wagalatia 5 wamefundishwa tangu Shule ya Jumapili: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole na kiasi. Wanachouliza ni waanzie wapi, Jumatatu asubuhi, wakiwa na foleni ya daladala na bosi mkali.

Jibu la makala hii linatoka Waefeso 4, kuanzia mstari wa 25. Katika mistari ile Paulo hakatazi jambo akaondoka. Kila anapoondoa, anaweka. Mwongo anatakiwa aseme kweli na jirani yake. Mwizi anatakiwa afanye kazi kwa mikono yake, tena apate na cha kumgawia mhitaji. Mwenye maneno machafu apewe kazi ya kusema yanayomjenga anayesikia, na mwenye uchungu ajifunze kusamehe. Yesu naye, katika Mathayo 12, alionya juu ya nyumba iliyofagiwa ikaachwa tupu: pepo aliyetoka humo alirudi na wenzake saba. Wengi wanaoshindwa kuacha tabia hushindwa hapo. Wanapigana na ubaya usiku na mchana, lakini hawajaamua watafanya nini mahali pake.

## Anza na moja, si tisa

Ignatius wa Loyola, mwanajeshi Mhispania aliyeanzisha Shirika la Wajesuiti, aliacha utaratibu mwepesi ajabu katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichochapishwa mwaka 1548. Mtu achague kosa moja tu. Asubuhi aamue kujilinda nalo. Baada ya chakula cha mchana ahesabu ameanguka mara ngapi, na usiku ahesabu tena. Kila siku ina mistari miwili kwenye karatasi, na kila anguko lina nukta yake. Anapoanguka katikati ya watu, aweke mkono kifuani kama ishara ya kujuta. Aliye jirani hatatambua lolote. Kisha alinganishe mchana na usiku, leo na jana, wiki hii na iliyopita.

Utaratibu huu unamfaa Mlutheri na Mpentekoste sawasawa na Mkatoliki, maana unadai kijitabu na kalamu tu. Ufanye hivi:

- Muulize anayeishi nawe. Mke, mume, mtoto mkubwa au mfanyakazi mwenzako anajua kosa lako la kwanza kuliko wewe. Uliza swali moja: "Ni jambo gani ninalofanya linalokuumiza zaidi?" Kisha nyamaza. Usijitetee.
- Andika tendo, usiandike sifa. "Nitakuwa mpole" haipimiki. "Mtoto akimwaga uji, nitachukua kitambaa kabla sijasema neno" inapimika.
- Andika saa na mahali pa hatari. Hasira ya wengi ina ratiba: jioni wakirudi kazini, au tarehe 25 hela ikiwa imekwisha.
- Kaa na kosa hilo mwezi mzima kabla ya kuhamia jingine.

Hapa huja pingamizi, na ni la haki: kama haya ni matunda ya Roho, kwa nini mtu ahangaike na nukta? Si ndiyo kujitafutia haki kwa matendo? Waraka wa pili wa Petro, sura ya 1, unawataka waamini wafanye bidii yote kuongeza wema juu ya imani yao, kisha maarifa, kiasi na saburi. Wafilipi 2:12-13 inaweka mambo mawili pamoja bila haya: mwanadamu atende, na Mungu ndiye afanyaye kazi ndani yake. Kijitabu hakimwokoi mtu. Kinamzuia asijidanganye.

## Kinywa: umbea, matusi na "njoo kesho"

Yakobo 3 imehubiriwa vya kutosha kuhusu ulimi, kwa hiyo hapa ni mambo matatu ya matumizi.

Kwanza, makundi ya WhatsApp. Umbea wa siku hizi huvaa vazi la maombi: "Wapendwa, tumwombee dada fulani, ndoa yake ina shida." Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, jiulize kama mwenye habari amekuruhusu. Kama hajakuruhusu, mwombee peke yako. Na kama umekwisha kusambaza jambo la uongo, usifute kimyakimya ukadhani yamekwisha; andika katika kundi lilelile kwamba taarifa uliyotuma haikuwa kweli.

Pili, uongo wa mafundi. Fundi cherehani anajua wazi kwamba gauni halitakuwa tayari Ijumaa, lakini anasema Ijumaa. Fundi seremala naye "yuko njiani" akiwa bado kitandani. Huu ni uongo uliozoeleka mpaka hauhesabiwi, ilhali Mathayo 5:37 inataka ndiyo iwe ndiyo. Dawa yake ni daftari la kazi: usitaje siku kabla ya kutazama kazi zilizotangulia, na ukiona utachelewa, piga simu wewe kabla mteja hajafunga safari.

Tatu, matusi ya nyumbani. Amua leo neno litakalochukua nafasi ya tusi ulilozoea. Ukisubiri kulitafuta wakati umekasirika, hutalipata.

## Mizani, ujira na fedha isiyo yako

Sehemu hii inastahili nafasi kubwa. Mahubiri mengi hulala kwenye ulevi na uzinzi, huku Torati na manabii wakirudi tena na tena kwenye vipimo na ujira. Walawi 19 inaamuru mizani ya haki na vipimo vya haki. Mithali 11:1 inaihesabu mizani ya udanganyifu kuwa jambo ambalo Mungu hulichukia. Amosi, katika sura ya 8, anawalaani wafanyabiashara wanaopunguza kipimo na kuongeza bei.

Amosi angetembelea masoko yetu angeyatambua mara moja. Mkulima wa viazi au vitunguu Tanzania anaijua lumbesa: gunia lililojazwa, likaongezewa juu na kushonwa kwa kamba mpaka likawa gunia na nusu, lakini mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukiipiga vita kwa miaka mingi. Kenya nako kanuni zimeweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi, kwa sababu ya maonevu yaleyale. Rejareja kuna kopo lililobonyezwa kitako, mizani iliyochezewa, na fungu la nyanya ambalo nzuri zimekaa juu na zilizooza zimejificha chini.

Mfanyabiashara Mkristo atasema: "Nikipima sawasawa na jirani akipunja, mimi nitafunga duka." Hofu hiyo ina ukweli wake, na asijibiwe kwa mahubiri mepesi. Anaweza kupita njia hizi:

- Pandisha bei, usipunguze kipimo. Kama kilo haikulipi kwa bei ya sokoni, taja bei yako halisi. Wateja wengine wataondoka. Wengine watabaki, hasa mama lishe na wenye migahawa wanaopima upya wakifika jikoni.
- Kagua mizani yako. Hakikisha imehakikiwa na kupigwa chapa na mamlaka ya vipimo, kisha iweke mteja anapoweza kuisoma.
- Taja kasoro kabla hujaulizwa. Simu iliyotumika, pikipiki iliyofunguliwa injini, mchele wa mwaka jana: sema.
- Ukiwa mnunuzi wa shambani, nunua kwa kilo. Mkulima mwenye njaa atakubali lumbesa kwa sababu hana la kufanya. Kukubali kwake hakukupi haki.

Kisha ujira. Walawi 19:13 haitaki ujira wa kibarua ulale kwa mwajiri hadi asubuhi, na Kumbukumbu la Torati 24 inaeleza sababu: ni maskini, na moyo wake unautegemea. Yakobo 5:4 inasema mishahara iliyozuiwa inapiga kelele, na kelele hizo zinafika kwa Mungu. Sasa tazama nyumba za waumini. Dada wa kazi hajalipwa miezi miwili kwa sababu "mwezi huu kulikuwa na harusi". Kibarua aliyepalilia Jumamosi anaambiwa apite Jumanne, na Jumanne mwenye shamba hashiki simu. Michango ya harusi na kitchen party hutoka kwa wakati, maana huko kuna macho ya watu.

Kanuni ni moja: ujira wa wanaokutumikia utoke siku hela inapoingia, kabla ya mchango wowote. Hata kabla ya sadaka? Wasomaji wengi watashtuka, lakini ndiyo. Ujira uliokwisha kufanyiwa kazi si mali yako tena, na sadaka hutolewa katika kilicho chako. Isaya 58 inazungumzia wafungao saumu siku ileile wanayowaonea watenda kazi wao, na inaikataa saumu hiyo.

Mwisho ni fedha iliyoingia kwa makosa kwenye simu. Kuirudisha ni wajibu, lakini uaminifu uende na busara, kwa kuwa matapeli wanawinda waaminifu. Ujumbe unaodai umetumiwa hela kimakosa unaweza kuwa wa kughushi.

- Tazama salio lako kwanza. Usiuamini ujumbe peke yake.
- Kama hela imeingia kweli, usiitumie, wala usiitume kwa namba nyingine unayotajiwa.
- Mwambie mtumaji aombe kampuni ya simu irudishe muamala, na wewe uwasiliane na huduma kwa wateja ukubali kurudisha.

## Kutubu kunakogusa mfuko

Zakayo wa Yeriko, mkuu wa watoza ushuru, hakuishia kusema amejuta. Luka 19 inaeleza kwamba aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na aliyemdhulumu amrudishie mara nne. Torati, katika Hesabu 5:7, ilidai kwa kawaida mtu arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo alivuka mbali.

Afrika Mashariki imewahi kuona jambo hilo kwa upana. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe, Kampala, daktari mmisionari Joe Church alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kutokea Gahini nchini Rwanda, alikofanya kazi Church, uamsho ulienea miaka ya 1930 hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Watu wa uamsho ule, walioitwa Walokole, walijulikana kwa wimbo wa Tukutendereza, lakini majirani wasiosali waliwajua pia kwa sababu nyingine: walirudisha vitu. Watu walikwenda kwa waajiri na majirani kukiri wizi, wakarudisha mali na kulipa madeni yaliyokwisha kusahauliwa. Ushuhuda wa aina hiyo hauhitaji kipaza sauti.

Anayetaka kufanya hivyo leo apite hatua hizi:

1. Andika orodha ya watu, vitu na kiasi. Kitabu ulichoazima ukakaa nacho kimo. Saa za kazi ulizoiba kwa mwajiri zimo.
2. Anza na kile unachoweza kukimaliza wiki hii, hata kama ni kidogo.
3. Deni kubwa, mwendee mdai na mpango: kiasi gani, kila tarehe ngapi. Mkimbizi wa deni huumiza mara mbili, kwa fedha na kwa kuzima simu.
4. Ongeza juu ya ulichochukua, hasa kama fedha hiyo imepoteza thamani kwa miaka.
5. Kama mwenye mali amefariki, warithi wake wapo. Kama hapatikani kabisa, wape maskini.

Jihadhari na jambo moja. Kama kukiri kwako kunaweza kukufikisha polisi, au kunamhusu mtu mwingine, zungumza kwanza na mchungaji au padri anayeaminika, na ikibidi mwanasheria. Wajibu wa kurudisha unabaki. Unachotafuta ni namna ya kurudisha bila kumwingiza asiyehusika.

## Hasira: mtafute Abigaili wako mapema

1 Samweli 25 ina kisa kinachofaa kusomwa polepole na kila mwenye hasira. Daudi aliwalinda wachungaji wa tajiri Nabali, na siku ya kukata manyoya ya kondoo akaomba chakula. Nabali akamtukana. Daudi akajifunga upanga, akaondoka na watu 400 kwenda kuua kila mwanamume wa nyumba ile. Aliyemzuia ni Abigaili, mke wa Nabali, aliyetoka haraka na punda waliobeba mikate 200, divai, kondoo watano waliotayarishwa, zabibu na tini. Akampigia magoti njiani, akamkumbusha kwamba kesho atakuwa mtawala na damu hii itamkaa moyoni.

Daudi, yuleyule aliyekuwa na upanga mkononi, alisikiliza. Hilo ndilo la kuigwa. Alikuwa na haki ya kukasirika, ila hasira yake ilikuwa imekwisha kuvuka kosa lenyewe.

- Mchague mtu mmoja mwenye ruhusa ya kukuambia "simama". Mwambie leo, ukiwa umetulia.
- Usijibu ujumbe wa kuudhi usiku. Andika kwenye karatasi, soma asubuhi.
- Usimchape mtoto ukiwa na hasira. Toka nje kwanza.
- Ukishaumiza mtu, omba msamaha bila "lakini". "Nisamehe, lakini na wewe umenichokoza" ni shtaka jipya.

Wengine huogopa kwamba upole utawafanya waonewe. Hesabu 12:3 inamwita Musa mpole kuliko watu wote, na huyu ndiye aliyesimama mbele ya Farao akidai watu wake waachiliwe. Mpole anaweza kukataa, kudai haki na kwenda mahakamani. Hatukani tu akiwa njiani.

## Kusamehe, na mpaka wake

Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa na utawala wa Idi Amin. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mtoto wa ule uamsho, alilazimika kukimbia nchi na mkewe, wakavuka milima kuingia Rwanda. Baadaye alieleza kwamba chuki dhidi ya Amin ilikuwa ikimla rohoni, na kwamba alipokuwa London, akitafakari Kristo akiwaombea waliomsulubisha, alijua lazima amsamehe. Mwaka huohuo aliandika kitabu ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Idi Amin. Ndani ya kitabu hichohicho alieleza mauaji yale waziwazi, na hakurudi kuishi Uganda hadi Amin alipoanguka mwaka 1979.

Alisamehe, akasema ukweli, akakaa mbali na hatari, yote kwa wakati mmoja. Wasomaji wanaopigwa nyumbani washike hapo. Msamaha haumlazimishi mtu kulala chini ya ngumi. Kama mwenzi anakupiga, au kuna mtoto anayeharibiwa, nenda mahali salama kwanza. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi. Kenya kuna namba 1195 ya waathirika wa ukatili wa kijinsia. Na namba 116 ya kusaidia watoto inatumika nchi zote mbili. Kiongozi wa dini anayemrudisha mwanamke kwa mume anayempiga kwa jina la uvumilivu anafanya kosa, na anapaswa kuambiwa hivyo.

Kwa makosa ya kawaida, Mathayo 18 ina ngazi tatu: mwendee aliyekukosea mkiwa wawili tu, kisha ukiwa na shahidi mmoja au wawili, ndipo kanisa. Wengi huanza na kanisa, au na dada zao, na mkosaji huwa wa mwisho kusikia. Yule mzee aliyedhulumiwa shamba aanze kwa ngazi ya kwanza. Zikishindikana zote, baraza la ardhi lipo, na kwenda huko bila chuki kunawezekana.

## Makosa yanayorudiwa

- Kukiri hadharani yasiyo ya hadhara. Dhambi iliyojulikana na wawili iombewe msamaha kwa hao wawili. Ushuhuda wa kusimulia uzinzi unamwanika na mtu mwingine ambaye hakukubali kutajwa.
- Kutumia fadhila kama fimbo. Mume anayemsomea mkewe mistari ya utii, na mwajiri anayemsomea kibarua mistari ya uvumilivu. Soma kwanza mistari inayokuelekea wewe.
- Kubadilisha kosa kwa kosa. Aliyeacha pombe akaanza kuwadharau wanywaji amehama chumba ndani ya nyumba ileile.
- Kwenda peke yako. Jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki, ambazo AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, ulizifanya kipaumbele mwaka 1976, na vikundi vya sala vya Walokole vina faida hii: wapo watu wachache wanaoweza kukuuliza wiki imekwendaje. Tafuta hata mmoja, awe wa jinsia yako na asiyepeleka maneno.
- Kukata tamaa wiki ya pili. Nukta zikiongezeka mwanzoni, mara nyingi ni kwa sababu umeanza kuona usichokuwa ukikiona.

Ukianguka, tengeneza siku hiyohiyo: rudisha, omba radhi, weka nukta, endelea. Na kama kuna mfanyakazi wa nyumbani, kibarua au fundi unayemwombea uvumilivu huku wewe ndiye hujamlipa, acha kijitabu kwa leo. Mlipe kwanza, kisha kesho asubuhi uanze mstari wa kwanza.